Mdosi Anaongea, Pipeline Inalipa

Jioni mat zikimwaga wasee Stage Mpya, story yenye inashika kwa kibanda ya smokie si ya ball na si ya siasa. Ni ya mdosi. "Maze, unajua leo amesema nini?" Hapo base inafunguka. Dem wa kiwanda ya Lunga Lunga anatoa yake. Boy wa kol senta ya Westi anatoa yake. Alafu mathe mwenye huosha ofisi Upper Hill anakohoa kidogo, anaanza, na kila mtu ananyamaza, juu yeye hukuwa ndani ya chumba ya mitingi na mop yake wakati wadosi wanabonga ni kama hayuko.

Watu hucheka mbaya. Zingine ni vituko, lazima ucheke. Lakini mimi nataka nizichukue kwa uzito wao, juu kila sentensi ya mdosi asiyejua ground ina bei, na hiyo bei hailipiwi kwa ofisi. Inalipiwa huku kwa keja.

Kama hujawahi fika, Pipeline iko Embakasi South, imekaliana na Outering upande moja na Mukuru kwa Njenga upande ile ingine, na Industrial Area unaweza ifikia kwa mguu ukiwa na viatu ngumu. Ni magorofa juu ya magorofa, singo kwa singo, zimebanana mpaka floor za chini balbu inawaka saa sita mchana. Mwanaanthropolojia Mario Schmidt alitoa kitabu kizima 2024 kuhusu vijana wanaume wa hii mtaa na presha yenye inawakalia shingoni. Hapa ndio analala msee mwenye anafunga biskuti yako, anajibu simu yako ukipigia kastoma kea, anakufungulia geti ya ofisi. Nairobi nzima inaamshwa na watu wa huku.

Sasa turudi kwa wadosi.

"Jam si sababu. Toka kwako mapema." Hii sijawahi pata mtu wa huku hajaambiwa. Ikunjue uone ndani. Msee mwenye wera yake iko Westi anarauka saa kumi na nusu. Ploti mingi maji haipandi juu, so mtungi unabebwa kwa ngazi mpaka floor ya saba, na lifti hakuna. Kama usiku kulinyesha, kutoka geti ya ploti mpaka stage ni matope, viatu za ofisi zinabebwa kwa karatasi. Makanga naye akiona mawingu tu, fare imeruka. Mat inatambaa mpaka Outering, inapita Taj, pale mol ilibomolewa 2018 na makanga bado wanaita "Taj! Taj!" ni kama imesimama. Ukifika tao unashuka, unakata mitaa kwa mguu, unapanda ingine ya Westi. Hizo ni fare mbili kabla hujasalimia soja wa geti.

Mdosi naye amepita juu. Expressway ilifunguliwa 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, sehemu ingine imeinuliwa kwa nguzo. Mwenye ana ndai na pesa ya tol anaruka hiyo jam yote. Simchukii kwa hiyo, barabara ni ya kutumika. Kenye kinaniuma ni vile akishuka huko anaangalia saa, anaangalia mtoto wa watu bado ana jasho ya mat mbili, anamwambia jam si sababu. Na hiyo jam ameiona kwa macho yake akiwa huko juu.

Kuna meneja alimwambia jirani yangu, kwa roho safi kabisa, "Si basi uhamie karibu na kazi?" Karibu na kazi hapo ilikuwa Kileleshwa, mtaa ya wenye pesa. Jirani alirudi jioni hajakasirika, amechoka tu. Akaniambia, "Buda, huyu mzee anadhani nilichagua."

Ingine ililetwa na korona. Kesi ya kwanza Kenya ilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, siku mbili baadaye serikali ikaomba waajiri waachilie watu wafanyie wera nyumbani, na mwezi haikuwa imeisha kabla kafyu iingie, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja asubuhi. HR wakaanza kutuma imeli. Moja niliisoma kwa simu ya dem wa floor yetu, alikuwa kol senta. Alikuwa anaambiwa achague chumba ya nyumba yenye ina mwangaza na haina kelele, aweke meza na kiti yenye inashikilia mgongo, na aambie familia wasiingie hapo saa za kazi.

Chumba ya nyumba! Singo ya Pipeline ni futi kumi kwa kumi. Ukifungua mlango uko kwa kitanda, ukigeuka uko kwa meko, na ukuta kati ya kulala na kupika ni pazia. Dirisha inaangalia dirisha ya ploti ingine. Huyo dem alikuwa anaongea na kastoma wa majuu akiwa amekaa kwa kitanda, laptopu iko juu ya ndoo imegeuzwa, mtoi wake amepelekwa kwa jirani wa kushoto, na jirani wa kulia ameweka gengetone mpaka vikombe vinatingika. Supavaiza akamwandikia, "Kelele ya huko kwenu inachafua jina ya kampuni." Hakuuliza kelele ni ya nini, hakuuliza kama kuna mahali ingine anaweza kaa. Dem akaanza kubeba hiyo laptopu mpaka juu kwa paa usiku, pale tunaanikanga nguo, na blanketi na chaja na eksitenshoni ndefu alikopa kwa keateka. Alichapa wera hivyo kipindi ya baridi ya Julai. Kwa ripoti ya kampuni ilionekana tu kwamba kelele imepungua.

Lakini yenye ilinichoma zaidi ni ya pesa. Kiwanda moja ya Industrial Area ilisimamisha mashine nusu saa, ikaita msee wa benki aje kuwafunza kusevu. Meneja ndio alifungua. Akawaambia vijana wa siku hizi mnamaliza pesa kwa vitu ndogo ndogo, smokie, chapo, kredo. Kila mtu aweke asilimia 20 ya mshahara kila mwezi, na baada ya miaka kadhaa atakuwa na ploti yake Joska. Watu wakapiga makofi. Jioni tukachukua peni na boy mmoja alikuwa hapo, tukapiga hiyo hesabu nyuma ya karatasi ya mkate.

Novemba 2024 kima cha chini cha mshahara kilipandishwa kwa asilimia 6, na kwa mfanyakazi wa kawaida hapa Nairobi kikafika shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na hiyo ni kabla ya hausi alawansi. Huyo boy anapata hiyo hiyo, na hausi alawansi hajawahi iona kwa peislipu. Toa NSSF asilimia 6. Toa SHIF, ile ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, asilimia 2.75. Toa ushuru wa nyumba, asilimia 1.5. Hapo zimeenda kama 1,650. Rent ya singo, elfu tano. Akipanda mat kwenda na kurudi, soo mbili kwa siku, siku 26, hiyo ni 5,200. Amebaki na 4,260 hivi. Gawa kwa siku za mwezi, haifiki soo na finje kwa siku. Sasa toa ile asilimia 20 ya meneja, 3,222. Imebaki thao moja na mbao mbili.

Thao na mbao mbili za unga, mafuta, maji, gesi, tokeni, sabuni, dawa mtoi akikohoa, na mathe ushago mwenye anajua kijana yake ako na job Nairobi. Tuliangalia hiyo karatasi. Boy akasema, pole pole, "So si mimi najua kuharibu pesa. Hakunanga." Nilitaka huyo meneja awe hapo asikie hiyo sentensi, juu huyu kijana alikuwa ametoka kwa hiyo mitingi akijiona mjinga. Alikuwa ameamini shida ni chapo.

Na ndio maana asubuhi, kabla jua itokee, unaona ule msafara. Wanatoka Pipeline wanakata ndani ya Kwa Njenga, wanapita Kwa Reuben, mpaka Enterprise Road na Lunga Lunga, wengi wameshika kopo ya githeri ya jana. Kila mmoja wao ameshapiga hesabu. Hao ndio wanaambiwa hawajui kupanga pesa.

"Hapa sisi ni familia." Hii husemwa Ijumaa jioni, wakati Jumapili inatafutwa. Meneja anakuja kwa laini amevaa tabasamu, oda imekuwa kubwa, familia husaidiana, tukutane Jumapili saa mbili. Jumanne dem mmoja anaomba ruhusa ampeleke mtoi hosi, na meneja huyo huyo anamwambia shida za nyumbani ziachwe kwa geti. Nimeuliza watu wengi kama wameona hizi sentensi mbili zikitoka kwa mdomo moja ndani ya wiki moja. Wote wameona. Kuna kiwanda walikuwa wanaambiwa kila mtu afanye kazi ni kama kampuni ni yake, na ufunguo ya choo iko kwa supavaiza, unaiomba kwa mkono, anaandika saa ya kutoka na saa ya kurudi.

Sheria haijaachia hii mambo kwa roho ya meneja. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kwa kila siku saba lazima upate moja ya kupumzika. Wengi wetu tuko chini ya agizo la jumla la mishahara, na hapo wiki ya kazi ni saa 52. Ukipitisha, ovataimu ni mara moja na nusu ya malipo ya kawaida, na ikiwa ni siku yako ya kupumzika ama sikukuu, ni mara mbili. Likizo ni siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka, na malipo kamili. Baada ya miezi miwili kazini, ukigonjeka na uwe na karatasi ya daktari, una siku saba za malipo kamili na saba za nusu. Hakuna mahali imeandikwa familia.

Alafu kuna kifungu cha 37, hiyo ndio naombanga kila kasual wa huku aijue kama namba yake ya simu. Ukichapa wera mfululizo mpaka ifike mwezi, wewe si kasual tena mbele ya sheria, unahesabiwa kama mtu wa mkataba wa mwezi, na haki zako zinabadilika. Wadosi wengine hiyo wanaijua vizuri. Ndio unasikia ile sentensi tamu, "Umechoka, kaa nyumbani siku mbili tatu, urudi Jumatatu." Watu wanasema asante. Kumbe hizo siku ndio zinakata hesabu.

Na usidhani ni viwanda pekee. Kampuni ya Sama, yenye ilikuwa inakagua maudhui ya Facebook hapa Nairobi, ilijiuza kwa dunia kama kampuni ya AI ya maadili, ikisema imetoa watu zaidi ya 50,000 kwa umaskini. Februari 2022 jarida la TIME likaandika venye vijana walikuwa wanakaa mbele ya skrini wakitazama mauaji na ubakaji shifti nzima, wengine kwa dola moja na nusu kwa saa. Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini mwenye alijaribu kuwapanga wafanyakazi wenzake 2019 akafutwa, aliwashtaki Sama na Meta hapa Nairobi Mei 2022. Machi mwaka uliofuata wengine kibao wakaenda korti. Tarehe 1 Mei 2023 zaidi ya 150 walikutana hapa Nairobi wakapiga kura kuanzisha chama chao. Na tarehe 20 Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema Meta inaweza kushtakiwa Kenya. Hao ni wasee wa rika yetu, wa mat kama zetu. Waliambiwa maneno matamu kuliko mtu yeyote kwa hii jiji, na bado waliyapeleka korti.

Kuna ile moja mtu hacheki akiisikia. "Kama hutaki kazi, kuna mia moja wako kwa geti."

Hizo zingine, mingi zinatoka kwa mtu asiyejua. Hii inatoka kwa mtu anajua. Wako kwa geti, kweli. Nenda Industrial Area asubuhi yoyote utawapata, wamesimama kwa ukuta, vitambulisho mfukoni, wakingoja soja atoke na ahesabu kumi. Na hao watu si wageni. Ni jirani yako wa floor ya nne. Ni binamu amekuja juzi kutoka Kisii, analala kwa sakafu yako. Mdosi akisema hiyo sentensi anachukua njaa ya ndugu yako anaikuwekea shingoni kama panga. Nimeona watu wazima wakimeza matusi, wakikubali laini ya masaa kumi na mbili, wakificha kidole kimekatwa na mashine, juu ya hiyo sentensi peke yake. Mwenye kidole nilimfungia mimi na kitambaa. Aliogopa kliniki ya kampuni ingeandika ripoti.

So wacha niiseme wazi. Mia moja kwa geti hawafuti kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira. Kabla mdosi akupige kalamu kwa makosa ama kwa kusema hujafikisha tageti, lazima akueleze sababu kwa lugha unaelewa, akusikize, na una haki ya kuingia hapo na mfanyakazi mwenzako wa kuchagua ama mwakilishi wa chama. Akiruka hiyo, korti ya ajira inaweza kumwambia akulipe fidia mpaka ya mshahara wa miezi 12. Na kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010, namba imegongana tu, kinasema kila mtu ana haki ya kutendewa haki kazini, na kila mfanyakazi ana haki ya kuingia chama na kugoma. Haijasema mwenye amesoma, ama mwenye anaishi Kileleshwa.

Sentensi za usiku sitakaa nazo sana. Kila mtu ana lile grupu la WhatsApp, saa nne mdosi anatupa "Mmeona hii?" na alama ya kuuliza tatu, na ukinyamaza asubuhi unaitwa huna moyo wa kazi. Seneta Samson Cherargei wa Nandi alileta mswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kuzima simu baada ya saa za kazi, na chama cha waajiri, FKE, kikaupinga. Mimi naunga mkono huo mswada mia kwa mia, hata kama huku wengi shida yao ya kwanza bado ni kulipwa hizo saa za mchana.

Kenye kinanipa nguvu ni vile watu wameanza kuandika. Boy wa ile hesabu ya mkate amenunua kitabu ya mbao, ya mraba, anaibeba kwa mfuko ya ovaroli. Nimeiona. Ukurasa mmoja umesema: "Jumapili. Kuingia saa mbili. Kutoka saa kumi na moja. Laini ya tatu. Supavaiza ameweka sahihi." Chini yake Jumapili ingine, na ingine. Amepiga picha ya ratiba ya shifti ukutani kabla itolewe, na amehifadhi ile mesej ya "sisi ni familia, tukutane Jumapili." Ofisi ya leba walimwambia aanze kwa kudai kwa maandishi, aweke nakala. Barua tumeiandika pamoja, iko na hesabu ya mara mbili kwa kila Jumapili, kwa shilingi. Jumatatu anaipeleka kwa HR, na dem wa laini ya tatu, mwenye alinyimwa ruhusa ya hosi, amesema ataingia naye. Yeye pia ako na kitabu yake.